Familia Isiyokuwepo na Hati Yake ya Makazi: kisa cha anime na hekalu la Washinomiya

Aprili 2008 watu walipanga foleni Washimiya, mji mdogo wa mkoa wa Saitama kaskazini mwa Tokyo, kununua hati ya makazi ya familia ya Hiiragi. Kwa Wajapani hati hiyo ni karatasi ya kuchosha kama karatasi yoyote ya ofisi: inaonyesha nani anaishi nyumba gani, na ndiyo unayotumwa kuifuata kila unapokuwa na shughuli na serikali. Nakala zilizotengenezwa zilikuwa 10,000, moja kwa yeni 300. Waliotajwa humo ni baba, mama na mabinti wanne, na katika hao sita hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaliwa. Ni watu wa katuni, na mji ulikuwa umewaandikisha rasmi kuwa wakazi wake maalumu.

Nimeuchagua mji huu kwa sababu mazungumzo kuhusu anime (katuni za Kijapani) na utamaduni wa Japani huishia palepale kila mara: samurai, kimono, bakuli la rameni linalofuka moshi, filamu iliyonyakua tuzo Ulaya au Marekani. Washimiya hapakuwa na lolote kati ya hayo. Palikuwa na hekalu la zamani, maduka yanayofifia, wakazi wapatao 35,000 na stesheni ya treni ambayo abiria wengi waliipita tu. Ukitaka kuona namna katuni inavyobeba mila na kuzisambaza, hapa ndipo mambo yanapoonekana vizuri, maana hakuna fahari ya kukuziba macho.

Anime yenyewe ni Lucky Star. Ilianza kama manga (hadithi ya michoro) ya vijichoro vinne iliyochorwa na Kagami Yoshimizu, kisha studio ya Kyoto Animation ikaitengeneza kwa televisheni: sehemu 24, zilizorushwa kuanzia Aprili hadi Septemba 2007. Kisa chake hakisimuliki, kwa kuwa kisa hakuna. Wasichana wanne wa sekondari wanapiga soga. Katika sehemu ya kwanza wanajadili kwa dakika kadhaa jinsi ya kula mkate wenye umbo la pembe uliojazwa chokoleti: unaanzia upande mwembamba au upande mpana? Mmoja ana hoja hii, mwingine ana ile, na hakuna linaloamuliwa. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilidhani nimekosea faili.

Wawili kati ya hao wanne, Kagami na Tsukasa Hiiragi, ni mapacha, na baba yao ni kuhani wa hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Japani. Katika hadithi hekalu linaitwa Takanomiya. La kweli, lile la mji wa Washimiya, ni Washinomiya. Washi kwa Kijapani ni tai, na taka ni ndege wa jamii ya mwewe, kwa hiyo watunzi walibadili ndege, basi. Ulikuwa utani wa wazi, na aliyejua eneo lile aliung'amua mara moja, hasa kwa kuwa wimbo wa kufungulia unapopigwa lango la hekalu hilo hupita kwenye skrini kwa sekunde chache, limechorwa kama lilivyokuwa, na mtaa wake.

Mapacha hao wanaishi hekaluni kama mtoto wa fundi cherehani anavyoishi na vitambaa. Mwaka Mpya ukifika wanavaa vazi jeupe na hakama (suruali pana) nyekundu, wanahudumia waumini, wanachoka, wanalalamika. Hakuna mhusika anayesimama kumweleza mtazamaji Ushinto ni nini, au kwa nini watu humiminika hekaluni siku tatu za kwanza za Januari. Mtu wa Tanga akiandika tamthilia haelezi kwa nini mgeni anapiga hodi, na akianza kueleza, mtajua anamwandikia mtu wa mbali. Lucky Star iliandikwa kwa ajili ya wenyeji wa nyumba, ikawaonyesha kwao kulivyo. Humo ndimo taswira ya utamaduni ilimokaa: katika yale yasiyoelezwa.

Hekalu lenyewe halikuwa na upungufu wa sifa rasmi. Kwa masimulizi ya pale ni miongoni mwa mahekalu ya kale kabisa ya eneo zima la Kanto, linalozunguka Tokyo. Lina ngoma yake takatifu, kagura, ambayo serikali iliiorodhesha mwaka 1976 kuwa turathi muhimu ya kitaifa isiyoshikika. Kila ambacho afisa utamaduni angekitamani kilikuwepo. Kilichokosekana ni vijana wa kupanda treni kwenda kukitazama.

Walianza kuja Julai 2007. Jarida la anime la Newtype lilikuwa limetoa mwongozo wa sehemu halisi zinazoonekana katika Lucky Star, na mashabiki, wengi wao wanaume, wakafika na kamera. Walisimama mbele ya lango, wakarudi nyuma hatua mbili, wakachuchumaa kidogo ili picha iwe na pembe ileile ya kwenye skrini. Wenyewe huita safari hizo seichi junrei, maneno yaleyale yanayotumika kwa hija ya dini. Neno hawakulitunga, walilichukua pale lilipokuwa.

Wenyeji walishtuka, na vyombo vya habari viliripoti mshtuko huo. Tusiwahukumu haraka. Neno otaku, la shabiki aliyezama kwenye katuni na michezo ya kompyuta, lilikuwa na doa. Kati ya 1988 na 1989 mtu mmoja aliua watoto wanne wa kike Saitama na Tokyo, na picha za chumba chake kilichojaa kanda za video zikaenea magazetini. Tangu hapo kijana mpole mwenye begi la katuni alitazamwa kwa jicho la pembeni, na Saitama, kwa sababu zinazoeleweka, hofu ile ilikuwa ya nyumbani. Sasa makundi ya vijana wa namna hiyo yalikuwa yanazungukazunguka hekaluni yakipiga picha.

Katika hatua hii mji ungeweza kuweka kibao cha "Hairuhusiwi". Wafanyakazi wa chama cha wafanyabiashara wa Washimiya walichagua kuwaendea mashabiki na kuwauliza: mmetoka wapi, mmefuata nini, mnakosa nini hapa? Jibu lilikuwa la kawaida mno. Walitaka kitu cha kwenda nacho nyumbani, na mahali pa kukaa. Chama kikapiga simu Kadokawa, kampuni yenye haki za Lucky Star, kuomba ruhusa badala ya kuchapisha kimyakimya. Karibu na lango palikuwa na nyumba kuukuu iliyogeuzwa mgahawa, Otori Chaya, ikawa kijiwe chao. Tarehe 2 Desemba 2007 kukaandaliwa hafla na waigizaji sauti wa anime hiyo, wakaja watu 3,500. Vikatengenezwa vishikizo vya simu vya mbao, na ujanja ulikuwa katika kuviuza: aina zilikuwa kadhaa, zikagawanywa madukani, hili lina sura hii, lile lina ile. Aliyetaka seti nzima alilazimika kuutembea mji, aingie kwa muuza saa, kwa muuza chai, kwa muuza keki, na kila alipoingia ilimbidi aseme habari za mchana. Mzee wa duka aliyekuwa akiwaogopa kwa mbali sasa alikuwa akiwarudishia chenji.

Januari 2008, siku tatu za mwanzo, hekalu lilipata watu 300,000. Mwaka uliotangulia hawakufika hata nusu ya hao. Januari 2009 walikuwa 420,000, 2010 wakawa 450,000, na 2011 wakafika 470,000. Ni makadirio, na makadirio huhesabu vichwa. Hayasemi nani alikuja kwa ajili ya miungu na nani alikuja kwa ajili ya Kagami Hiiragi.

Ila je, swali hilo lina maana pale? Ushinto wa mtaani haumuulizi mtu anaamini nini. Unatupa sarafu, mara nyingi ya yeni tano kwa sababu go-en, yeni tano, inalingana kimatamshi na neno la heshima la mafungamano kati ya watu. Unainama mara mbili, unapiga makofi mara mbili, unaomba, unainama mara moja, unaondoka. Kijana aliyefuata katuni alikuta watu wanafanya hivyo, akafanya hivyo. Akifika mwaka wa tatu mfululizo, mimi sijui kipimo cha kumtenganisha na muumini, na nadhani kuhani naye hana.

Kitu kilichonishika zaidi katika kisa hiki ni ema. Ni kibao kidogo cha mbao, juu kimechongoka kama paa la nyumba, kimetobolewa tundu la kupitisha uzi. Unakinunua hekaluni, unaandika ombi nyuma yake, unakitundika kwenye fremu pamoja na vya wenzako. Nifaulu mtihani, mama apone, nipate mchumba. Mashabiki walivinunua wakachora. Wengine walichora kwa kalamu za rangi kwa ustadi ambao ungedhani ni kazi ya studio: Konata, mhusika mkuu, na nywele zake ndefu za buluu, Tsukasa na utepe wake kichwani, na pembeni ombi lililoandikwa kwa mzaha au kwa dhati. Fremu zikajaa wasichana wenye macho makubwa. Vibao hivyo vilipata na jina, itaema, "ema za maumivu", kwa maana ya kitu kinachomtia mtazamaji aibu mpaka kinauma. Magari yao yaliyopambwa michoro ya katuni huitwa vivyo hivyo, itasha. Nairobi pangekuwa na matatu tu, na hakuna ambaye angeona aibu.

Wapo waliosema huko ni kuchafua mila. Hebu tulitazame neno. E ni picha, ma ni farasi. Zamani farasi mzima alitolewa sadaka hekaluni, asiyemudu farasi akapeleka picha ya farasi kwenye ubao, na baadaye picha za mambo mengine zikafuata. Chanzo cha ema ni mchoro. Siku hizi mtu hununua kibao kilichokwisha kuchapwa picha upande mmoja, kazi yake ikabaki kuandika. Hao vijana walioonekana wahuni walirudisha kwenye ubao kazi ya mkono iliyokuwa imehamia kiwandani. Sidhani walijua, wala sidhani ingebadili chochote kama wangejua. Mila ilikuwa imeacha nafasi tupu kwenye ubao, wao wakaijaza kwa walichokuwa nacho.

Septemba 2008 likaja jaribio zito zaidi. Mji ulikuwa na tamasha, Haji-sai, ambalo kilele chake kilikuwa kubeba mikoshi, kihekalu kinachowekwa juu ya magogo na kubebwa mabegani barabarani ili mungu atembezwe mtaani. Mikoshi ya Washimiya huitwa ya kan elfu moja, yaani karibu tani tatu na robo tatu, ingawa majina ya namna hii hayakupita kwenye mizani. Kubeba kunataka mabega mengi, na mji mdogo ambao vijana wake wanahamia Tokyo una upungufu wa mabega. Waandaaji waliwaalika mashabiki, na mwaka huo ikatoka pia mikoshi ya pili, ya Lucky Star, yenye picha za wahusika pande zote, ikibebwa na watu waliotoka miji mingine kwa treni.

Kubeba mikoshi hakufanani na kupiga picha. Unavaa vazi la tamasha. Unafundishwa wapi pa kuweka bega, lini pa kubadilishana, sauti gani inaongoza hatua, na nani wa kusikilizwa anaposema simama. Jioni bega limechubuka na mtu usiyemjua amekupa kinywaji. Katika mlolongo mzima wa kisa hiki, naona hapa ndipo utamaduni ulipohama kutoka kwa watu fulani kwenda kwa wengine, mwilini hasa. Anime iliwafikisha watu stesheni tu. Kilichofuata kilitoka kwa wazee wa tamasha waliokubali kuwafundisha, na wangekataa tungekuwa tunazungumzia mtaa wenye watalii.

Wiki zilezile hati ya Hiiragi ilipokuwa ikiandaliwa, serikali kuu nayo ilikuwa kazini. Machi 2008 Wizara ya Mambo ya Nje ilimteua Doraemon, paka roboti wa buluu, kuwa balozi wa anime. Ilifanyika sherehe, na mtu aliyevaa vazi la Doraemon akapokea cheti kutoka kwa waziri. Miaka mitano baadaye, Novemba 2013, ukaanzishwa mfuko wa Cool Japan wa kuwekeza katika kuuza utamaduni nje, na kufikia Machi 2022 ulikuwa umelimbikiza hasara ya zaidi ya yeni bilioni 30. Sisemi balozi paka ni upuuzi, watoto wengi duniani wanampenda. Ninachoona ni kwamba Wizara ilikuwa na ujumbe wa kupeleka, na Washimiya hawakuwa na ujumbe wowote. Walikuwa na wageni mlangoni.

Na nje ya Japani? Huko Lucky Star ilifika kwanza kupitia mashabiki waliotafsiri kwa kujitolea, na kwa kuwa anime haielezi kitu, wao ndio walieleza. Ukitazama matoleo yale ya zamani unakuta maandishi madogo juu ya skrini: miko ni msichana anayehudumu hekaluni, mkate ule unaitwa hivi, utani huu unahusu anime ya mwaka fulani. Mengine yalikuwa marefu kuliko muda yaliokaa kwenye skrini, ukalazimika kusimamisha video. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua kazi hiyo. Akina Lufufu, wafasiri wa filamu wa Dar es Salaam, waliifanya kwa mdomo, wakimkatiza nyota wa filamu ili kutueleza ameudhiwa na nani. Mtafsiri wa hiari anaeleza kwa sababu ameshindwa kunyamaza. Watu wasiowahi kukanyaga Japani walijua ema ni nini kabla ya kujua jina la waziri mkuu, na darasa lenyewe lilikuwa mstari mmoja wa maandishi ya njano.

Kuna upande wa hati ile ambao wasimulizi wa kisa hiki huupita, nami sitaki kuupita. Mwaka 2008 mgeni aliyeishi Japani kihalali, akalipa kodi na kulea watoto, hakuwemo katika daftari la wakazi linalotoa hati hizo. Wageni waliandikwa katika daftari jingine, mpaka sheria ilipobadilika Julai 2012. Mwaka 2003 mtaa mmoja wa Yokohama ulimpa hati kama hiyo sili aliyeonekana mtoni, Tama-chan, na wageni wakaandamana wakiwa wamejichora ndevu za sili usoni: kama mnyama anapata, sisi je? Hati ya Hiiragi ilikuwa kumbukumbu ya kununua, haikumpa mtu haki wala kumnyima. Lakini fikiria mfanyakazi wa kigeni wa kiwanda cha Saitama akipita kwenye foleni ile. Utamaduni uliokuwa ukikunjuka kwa furaha kumpokea msichana wa kuchorwa ulikuwa na ukuta mahali pengine, na karatasi iliyotumika ilikuwa ileile.

Mji wa Washimiya haupo tena kwa jina hilo. Machi 2010 uliunganishwa na jiji la Kuki. Hati zikabaki majumbani mwa watu, zikiwa na jina la mji usiokuwepo na familia isiyowahi kuwepo. Mwaka 2016 kikaanzishwa chama cha utalii wa anime, kikatangaza orodha ya maeneo 88 ya "hija" nchini Japani, idadi iliyochukuliwa waziwazi kutoka mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku ambayo mahujaji huyazunguka kwa miguu. Kilichoanza kwa vijana waliochuchumaa mbele ya lango sasa kina vibao na mihuri.

Lango lile la mbao lilianguka usiku wa tarehe 11 Agosti 2018, miguu yake ikiwa imeoza chini. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2019, mtu aliichoma moto Kyoto Animation na watu 36 wakafa. Mmoja wao alikuwa Yasuhiro Takemoto, aliyeiongoza Lucky Star kuanzia sehemu ya tano. Lango jipya lilisimamishwa Desemba 2021. Anayefika sasa na picha ya 2007 kwenye simu bado anarudi nyuma hatua mbili na kuchuchumaa, kisha anagundua kwamba barabara inalingana, lakini lango si lile.